Presha Imeshuka, Je, Niache Dawa? Maswali na Majibu Kuhusu Shinikizo la Damu na Lehemu

Nimepimwa mara moja, ikasoma 150/95. Ndiyo tayari nina presha?

Bado. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu pale vipimo vya siku mbili tofauti vinapofika 140 kwa juu au 90 kwa chini. Namba moja ikifika hapo inatosha, hata kama nyingine ni nzuri. Kwa hiyo rudi upimwe tena. Usikae nyumbani kungoja kichwa kiume, maana wengi wenye presha hawasikii chochote kwa miaka.

Mbona mashine ya nyumbani kila mara inanipa namba tofauti?

Presha yenyewe hupanda na kushuka mchana kutwa, hilo ni la kawaida. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye upimaji. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko hali halisi. Mkono ukining'inia, ukipima huku unazungumza, ukikunja nne, au kibofu kikiwa kimejaa, namba inaweza kupanda hata kwa 10 au zaidi. Namba ya aina hiyo inaweza kumfanya mtu aongezewe dawa asiyoihitaji.

Pima hivi: usinywe kahawa au chai ya rangi, usivute sigara wala kufanya kazi nzito ndani ya nusu saa kabla ya kupima. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili ziguse sakafu, utulie dakika 5. Funga mkanda kwenye ngozi, si juu ya shati, vidole viwili juu ya kiwiko, na mkono uulaze mezani usawa wa moyo. Nyamaza. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, na uandike zote mbili pamoja na tarehe na saa. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na chakula, na jioni, kwa siku 7 kabla ya kliniki. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha siku ya foleni. Kumbuka tu kwamba kwa vipimo vya nyumbani wastani wa 135/85 tayari ni wa juu.

Nimetumia dawa miezi mitatu, sasa nina 128/80. Niache?

Usiache. Hapa ndipo tunapowapoteza wagonjwa wengi, na inatuuma, kwa sababu wanaacha wakati ambapo dawa inafanya kazi vizuri kabisa. Hiyo 128/80 imeshikiliwa na kidonge. Ukikiacha, kwa kawaida presha hurudi ilikokuwa baada ya siku au wiki chache, nawe hutasikia ikipanda. Kwa dawa kama atenololi na propranololi, kuacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo. Ukipungua uzito na kupunguza chumvi, daktari anaweza kushusha dozi. Uamuzi huo unafanywa kliniki, daftari likiwa mezani.

Ukisahau kidonge, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo. Kesho usimeze viwili kufidia. Na mwezi wa Ramadhani, nenda kliniki kabla haujaandama ili saa za dawa zipangwe upya, hasa za kukojoza.

Dawa zinanisumbua. Nivumilie?

Usivumilie kimya, wala usiache kimya. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kifua, na hapo daktari hubadilisha, mara nyingi kwenda losatani. Midomo au ulimi ukivimba, huo si usumbufu wa kuvumilia, kimbilia hospitali. Hidroklorothiazidi hukojoza, hivyo imeze asubuhi ili ulale. Kizunguzungu ukiinuka: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha simama.

Wanaume, semeni pia kuhusu nguvu za kiume. Presha na lehemu (kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu) zenyewe huharibu mishipa inayohusika, na baadhi ya dawa zinaweza kuchangia. Kuna nyingine za kubadilishia.

Mwanamke anayetaka ujauzito aseme mapema: enalaprili, losatani na jamii zake hudhuru mtoto tumboni. Tena, diklofenaki na ibuprofeni za kununua dukani kwa ajili ya mgongo hupandisha presha na kuumiza figo.

Chumvi kiasi gani?

Chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, ukijumlisha iliyomo kwenye mkate, dagaa wa chumvi, ng'onda na vidonge vya supu. Jipime kwa pakiti: nyumba ya watu wazima wanne, pakiti ya nusu kilo haifai kuisha kabla ya siku 25. Ikiisha kwa wiki mbili, mnakula karibu mara mbili ya kiwango.

Na magadi? Wengi huyasahau. Yana sodiamu ileile iliyo kwenye chumvi. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, yataiva bila magadi.

Chupa ya mafuta imeandikwa haina lehemu. Basi nitumie nitakavyo?

Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu, kwa hiyo maandishi hayo hayakusaidii kuchagua. Lehemu nyingi hutengenezwa na ini lako mwenyewe, na mafuta yanayoganda huongeza ile mbaya kwenye damu. Samli, mafuta ya nyama na tui zito la nazi yako kundi hilo. Mawese nayo, karibu nusu yake ni ya aina hiyo. Alizeti ni bora, mradi upime kwa kijiko, usimimine.

Presha huumiza kuta za mishipa, lehemu hujibandika palipoumia. Ndiyo maana mwenye presha anaweza kupewa pia atovastatini, dawa ya kushusha lehemu, hata kama lehemu yake haijapanda sana. Misuli ikiuma mwili mzima bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi kama chai, rudi upesi. Dawa za aina hii hazitumiki kwa kawaida wakati wa ujauzito.

Lini ni dharura?

Ikisoma 180/120 nawe hujisikii vibaya, tulia dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, pumzi kubana, kuona ukungu, mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, ondokeni sasa hivi kwenda hospitali, na hizo dalili zikitokea, msingoje hata mashine. Msimweke mgonjwa dawa ya presha ya nifedipini chini ya ulimi: hushusha presha kwa kishindo na kuunyima ubongo damu. Msimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Akiwa amepoteza fahamu, mlazeni ubavu. Chukueni dawa zake zote, na mwandike saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu ikiwa ni kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu wakati huo.