Kukatika kwa fezi moja: kwa nini mota inaungua huku bado inazunguka

Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, lawama ya kwanza huenda kwa "umeme mkubwa". Mara nyingi kilichotokea ni kinyume chake: fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme, imepotea, na mota imeendelea kusaga hadi harufu ya vanishi ikasambaa bandani.

Kukatika kwa fezi maana yake ni mota ya fezi tatu kupata umeme kwa nyaya mbili tu. Nyumbani tunatumia fezi moja na nyutro, volti 230. Mota ya mashine inapata nyaya tatu, volti 400 kati ya waya na waya, na kazi inagawanywa sawa kwa zote.

Fezi ikikosekana mota ikiwa imesimama, haiondoki. Inaunguruma tu, shafti inatetemeka. Zima papo hapo. Kuna wanaovuta mkanda kwa mkono ili kuisaidia: itaondoka kweli, lakini itazungukia upande uliovuta, koili zitaungua, na mkono wako upo hatarini.

Hatari zaidi ni fezi kukatika katikati ya kazi. Mota haisimami. Nyaya mbili zilizobaki zinabeba mzigo wote, na ampea zake zinapanda takriban mara 1.73. Joto la koili hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo linakuwa kama mara 3. Mota ya kilowati 7.5 inayovuta ampea 15 kwa mzigo kamili itavuta kama 26. Ukiwa umejaza makopa ya muhogo kwenye kinu, ni suala la dakika chache.

Fezi hukatikia wapi? Fyuzi moja kwenye katauti (kishikio cha fyuzi), ncha za kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) zilizoliwa na cheche, skrubu iliyolegea. Kwa Mikindani, Kilwa na Lindi mjini ongeza hewa ya chumvi: shaba inaota kutu ya kijani, alumini inatoa unga mweupe, na kiungo kinaanza kuchemka. Waya wa alumini uliosokotwa moja kwa moja na wa shaba ndio unaowahi kufa. Tumia kiungio kilichotengenezwa kwa metali hizo mbili.

Testa inadanganya hapa, na mafundi wengi wamenaswa. Mota inayozunguka hurudisha volti kwenye ule waya uliokatika, hivyo taa ya testa inawaka kwa nyaya zote tatu. Pima ampea kwa mita ya kubana (inayozunguka waya kwa nje), waya mmoja mmoja: usiosoma kitu ndio uliokatika.

Kinga ya kwanza ni ovalodi, kifaa kinachokata umeme ampea zikizidi, iliyowekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, si zaidi. Kwa staata ya sta-delta (inayoanzisha mota koili zikiwa zimeungwa kwa sta, umbo la nyota, kisha kuzihamishia delta, pembetatu) ambayo ovalodi yake ipo kwenye nyaya za koili, zidisha namba ya kibao kwa 0.58: mota ya ampea 28 inawekwa 16. Ovalodi ikikata mara kwa mara, usiipandishe wala kuiruka kwa waya. Inakuambia kitu. Ongeza relei ya kulinda fezi. Chagua inayotambua fezi zisizolingana, kwa sababu inayosubiri volti kushuka sana inaweza kudanganywa kama testa.

Mota ikishaungua, zima swichi kubwa, fungua kifuniko, uangalie koili kabla hazijakatwa. Kwenye mota ya sta, makundi ya fezi mbili yatakuwa meusi na ya fezi ya tatu yatabaki na rangi yake. Kwenye delta, fezi moja ndiyo itakuwa nyeusi na mbili nzima. Hapo kagua katauti, kontakta na viungo kabla ya kulipia kusuka upya. Zikiwa nyeusi zote sawasawa, fezi haihusiki: tafuta mzigo uliozidi, umeme mdogo, au feni na mapezi yaliyozibwa na unga.