Siku ya kushuka nchi kavu kwa wanaoishi kwenye boti za tanga Karibi: dhana potofu na ukweli

Wanaoishi kwenye boti za tanga katika visiwa vya Karibi huonekana kwenye picha kama watu wasio na shughuli isipokuwa kuogelea na kuota jua. Siku wanayoshuka nchi kavu hudhaniwa kuwa ndiyo kilele cha starehe hiyo, ilhali mara nyingi ndiyo yenye kazi nyingi kuliko zote. Mfano wa Grenada unatosha kulionyesha hilo.

Dhana: Ukishatia nanga, unashuka unapotaka.

Ukweli: Visiwa hivi ni nchi mbalimbali, na mpaka kati yao ni bahari. Kutoka kisiwa cha Union, kilicho chini ya Saint Vincent na Grenadini, hadi Carriacou iliyo chini ya Grenada ni safari ya asubuhi moja tu, na ukiwa kwenye kimoja unakiona kingine, lakini umevuka mpaka wa kimataifa. Chombo kinachowasili hupandisha bendera ya njano, na hadi taratibu zikamilike ni nahodha peke yake anayeruhusiwa kushuka, akiwa na pasipoti za wote, hati za usajili wa chombo na kibali cha kuondoka bandari iliyotangulia. Fomu zinaweza kujazwa mapema kwa mtandao wa SailClear, ila hilo halimwondolei nahodha wajibu wa kuonana na maofisa wa forodha na uhamiaji. Kwa kuwa huduma nje ya saa za kazi kwa kawaida hutozwa ada ya ziada, wazoefu hupanga kufika asubuhi ya siku ya kazi. Mihuri ikishagongwa, bendera ya njano hushushwa na kupandishwa ile ya Grenada, yenye picha ya kungumanga.

Dhana: Kinachohitaji kuangaliwa gatini ni maji kujaa na kupwa.

Ukweli: Msomaji aliyekulia Unguja au Lamu atafikiria hivyo, maana kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita 4. Grenada tofauti hiyo ni kama nusu mita tu. Kinachosumbua ni mawimbi yasiyotulia, ambayo huisukuma boti ya mpira, ile ndogo ya kushukia nchi kavu, chini ya gati, mahali penye misumari na zege lenye ncha, na yakiinuka huibana hapo hadi ipasuke. Dawa yake ni kutupa nanga ndogo upande wa tezi kabla ya kufika, kisha kufunga kamba ndefu ya omo gatini, ili boti ikae mbali kidogo na wanaofika baadaye wapate nafasi ya kupenya. Halafu hutiwa mnyororo na kufuli, kwa sababu boti ya mpira na mashine yake ndivyo vitu vinavyotamaniwa na wezi kuliko boti kubwa yenyewe.

Dhana: Siku yenyewe ni ya ufukweni.

Ukweli: Ufukwe wa Grand Anse upo, na ni mzuri kweli, lakini wengi huupitia wakiwa ndani ya basi dogo, wamepakata madumu na furushi la nguo za kufua. Mtungi wa gesi nao hutaka kujazwa, na vichwa vya mitungi hutofautiana kati ya visiwa vya Kifaransa na vingine. Sokoni St. George's, Jumamosi ndiyo siku iliyochangamka zaidi. Mtu wa Pwani atakutana na shelisheli, kungumanga na basibasi bila kuhitaji mkalimani. Aulize tu bei ni ya dola ipi, kwani thamani ya dola ya Karibi ya Mashariki, inayotumika Grenada, haijabadilishwa tangu 1976: 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na asiyeuliza anaweza kudhani bei ni karibu mara tatu ya ilivyo. Kabla ya bei, salamu. Kuingia dukani kimya ni utovu wa adabu huko kama ilivyo kwetu.

Dhana: Mti wowote wa ufukweni unafaa kwa kivuli.

Ukweli: Mti wa manchinili una tunda linalofanana na tufaha dogo la kijani, nalo ni sumu. Hata maji ya mvua yanayodondoka kutoka majani yake huibabua ngozi.

Dhana: Grenada iko kusini mno kufikiwa na vimbunga, kwa hiyo boti huachwa bila wasiwasi.

Ukweli: Ivan mwaka 2004 na Beryl, kilichopiga Carriacou tarehe 1 Julai 2024, vilikanusha hilo. Hata hivyo, kwa siku moja ya kushuka, cha kuhofiwa zaidi si kimbunga, ambacho hutangazwa mapema, bali mvua ya ghafla yenye upepo mkali inayoweza kuing'oa nanga mwenyewe akiwa sokoni. Ndiyo maana mnyororo hutolewa kwa urefu usiopungua mara tano ya kina cha maji, mtu akahakikisha nanga imeshika, na akamwachia jirani wa boti ya pili nambari yake ya simu.