Kunguru Naye Aandikwe: Vijana wa Kisumu na Ramani ya Ndege

Klabu ya shule ikifika kwenye kinamasi cha Dunga, wengi huulizia ndege mmoja: yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, anayeishi ndani ya mafunjo tu. Siwalaumu. Mafunjo yakichomwa, hana pa kuhamia. Ila sisi tunaopitia rekodi za ndege zinazotumwa na wanaojitolea tunafaidika zaidi na orodha ya kijana aliyeandika pia kunguru, mwewe, shomoro na marabu wa jalalani.

Sababu iko kwenye hesabu. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Anayejitolea huchagua mraba, akaukagua kwa makini saa 2 au zaidi, akipitia ufuo, mashamba na mitaa, na kuandika kila aina aliyoiona au kuisikia, kwa mfuatano ule ule ilivyojitokeza. Anaweza kuiongezea orodha hiyo hadi siku 5. Si lazima ahesabu ndege mmoja mmoja, kwa kuwa tunachohesabu ni orodha. Tuseme mraba una orodha 20, na kwarara yumo katika 15: kiwango chake ni asilimia 75. Kikishuka miaka ikipita, tunaanza kuuliza. Sasa mwanafunzi akimruka kwarara kwa kuwa "huyo kila mtu anamjua", kiwango kinashuka ilhali ndege wapo tele, na ramani inadanganya.

Kuzoeleka nako si kinga. Korongo mwenye taji alikuwa wa kawaida mno kwenye mabwawa na mashamba ya magharibi ya Kenya. Mwaka 2012 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ulimweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Vifaa visiwatishe. Programu ya BirdLasser ni ya bure na hurekodi hata simu ikiwa haina bando. Utatuma ukipata mtandao. Darubini moja inatosha kikundi kizima, na aliyekulia kando ya ziwa hutambua kwa sikio ndege ambao mgeni mwenye darubini ghali hatawaona. Usiye na uhakika naye, mwache. Tukikuuliza kuhusu rekodi isiyo ya kawaida, usione umedharauliwa; hata wakongwe huulizwa.

Msiende peke yenu, na mzazi ajue mlipo (wapo wanaodhani ni uzururaji). Alfajiri na jioni kaeni mbali na njia za viboko. Picha ya kiota msiitundike mtandaoni.

Likizo zote zinafaa. Ndege wageni kutoka Ulaya na Asia huanza kuingia kwa wingi Septemba na Oktoba, na wengi huondoka kufikia Aprili. Kwa hiyo mraba uliokaguliwa Agosti ukaguliwe tena Desemba, na orodha zote mbili zitumwe.