Je, wajua kwa nini kilo 2 za zabibu huweza kujaza skrini nzima tarakimu 2?

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili jijini Dodoma ameandika programu ya kumpigia hesabu muuza zabibu. Lugha ni Python, mistari ni mitatu tu:

kilo = input("Kilo ngapi? ")
bei = 3000
print(kilo * bei)

Anabonyeza F5, anaandika 2, anapiga Enter huku akisubiri 6000. Badala yake dirisha la IDLE, programu ya kuandikia inayokuja na Python, linamwagika 2222222, mstari baada ya mstari, mpaka zitimie tarakimu 3,000. Hakuna maandishi mekundu wala kosa lililotajwa. Kompyuta imefanya kile kile ilichoambiwa.

Kiini cha mambo ni input. Chochote kinachopitia hapo hupokelewa kama maandishi, hata kiwe tarakimu tupu. Kwa Python, maandishi "2" na namba 2 ni vitu viwili tofauti, na maandishi yakizidishwa kwa namba hurudiwa mara hizo. Ndiyo maana pia 3 na 4 zilizoingia kwa input, ukizijumlisha, hutoa 34. Dawa ni kugeuza kabla ya kupiga hesabu:

kilo = float(input("Kilo ngapi? "))

Tumia float (namba yenye desimali) badala ya int (namba kamili), maana mizani ya sokoni haikubali kila mara kutoa namba kamili. Mteja akichukua kilo 2.5, int itagoma.

Mtego wa pili ni wa kwetu kabisa. Tumezoea kuandika bei kwa mkato: 3,000. Mwanafunzi akiandika bei = 3,000, Python haioni elfu tatu. Inaona vitu viwili vilivyotenganishwa, 3 na 0. Zidisha kwa 2 kamili upate (3, 0, 3, 0). Zidisha kwa 2.0 iliyotoka kwenye float, programu inakatika. Elfu tatu huandikwa 3000, au 3_000 kwa anayetaka kupumzisha macho.

Kwa nini watoto wenye akili zao hunasa hapa? Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Roy Pea, alieleza kosa analoliona kuwa mzizi wa makosa mengine ya wanaoanza: kuamini kwamba ndani ya mashine kuna akili inayoelewa mtu alikusudia nini. Kwa Kiswahili imani hiyo hujionyesha vizuri zaidi, kwa sababu tunaweza kuvipa vigeu (vile vinavyobeba thamani, kama kilo na bei) majina yetu wenyewe. Mwanafunzi huita kigeu kubwa, akakaa akisubiri kompyuta ikipe namba kubwa kuliko zote. Kwa mashine, kubwa na mchicha ni sawa tu. Hata hivyo msiache kutumia majina ya Kiswahili. Jumla na bei hupunguza mzigo kwa mtoto ambaye tayari anapambana na while na else. Ila siku moja badilini majina yote ya programu moja yawe ya mboga, muiendeshe tena, waone kwamba jibu halibadiliki.

Waliopitia Scratch, lugha ya kuburuta vipande iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, huja na mazoea mengine. Kule vipande visivyooana havishikani, na jibu lililoandikwa kwa tarakimu hugeuzwa kuwa namba kimyakimya linapoingia kwenye hesabu. Python haina huruma hizo.

Kabla ya hayo yote kuna kibodi. Tazama alama ambazo programu ile ya mistari mitatu inazidai: mabano, alama za kunukuu, nyota. Ongeza nukta mbili kwa ajili ya if na for. Kwenye kibodi za kawaida za Kimarekani zote zinataka Shift. Mtoto aliyejifunzia kuandika kwenye simu hubonyeza Caps Lock, akapata nukta mkato badala ya nukta mbili, akaambiwa amekosea asione alipokosea. Dakika 15 za kuandika alama hizo tu, kabla ya somo la kwanza, si za kupoteza. Na mwalimu usiandae mifano kwenye Word ukawapa wanakili: Word hupindisha alama za kunukuu, na Python haizitambui zilizopinda.

Ujumbe wa kosa nao una adabu yake. Anza kusoma mstari wa mwisho, ndipo aina ya kosa ilipotajwa, kisha panda kutafuta namba ya mstari. Lakini usiiamini sana namba hiyo. Mwanafunzi akisahau kufunga mabano kwenye mstari wa 4, Python ya zamani hulalamikia mstari wa 5, kwa kuwa ilikuwa bado inasubiri mabano yafungwe. Toleo la 3.10 la mwaka 2021 ndilo lililoanza kusema wazi kwamba mabano hayakufungwa. Shule yenye kompyuta za Windows 7 haiwezi kupanda zaidi ya Python 3.8, kwa hiyo huko kanuni ni moja: ukioneshwa mstari usio na kosa, kagua wa juu yake.

Sasa kufundisha. Walimu wengi huanza kwa kuamuru "andikeni", na hapo ndipo kipindi hupotea. Sue Sentance wa Uingereza na wenzake walipanga njia iitwayo PRIMM: bashiri, endesha, chunguza, badilisha, ndipo uunde yako. Andika ubaoni kitu kama hiki, mvua ya siku tatu kwa milimita:

jumla = 0
for mvua in [12, 0, 31]:
    jumla = jumla + mvua
    print(jumla)

Kila mmoja aandike daftarini kitakachotokea, kwa kalamu, asifute. Wengi wataandika 43. Endesha: 12, 12, 43. Waache wabishane. Kisha sogeza print ukutani kushoto, ilingane na for, uendeshe tena: sasa 43 peke yake. Hapo wameona kwa macho kwamba nafasi nne mwanzoni mwa mstari si urembo. Ndizo zinazosema kipi kinarudiwa na kipi kinangoja mzunguko uishe.

Umeme ukikatika kipindi hakifi. Dale Parsons na Patricia Haden walionesha mwaka 2006 zoezi la kupanga mistari iliyovurugwa. Andika programu ya mistari 6 hadi 8 kwenye karatasi, kata kila mstari kipande chake, changanya, tia kimoja cha uongo, wape wawili wawili wapange mezani. Wapange na nafasi za kushoto pia, la sivyo nusu ya somo imebaki kwenye mkasi.

Umeme ukirudi, watu wawili kompyuta moja hutosha, na wakati mwingine ni bora kuliko mmoja: mmoja kwenye kibodi, mwenzake anasoma kwa sauti na kunasa makosa. Badilishaneni kila dakika 10 kwa kutazama saa, la sivyo mwenye kasi hatoki kwenye kiti. Mkiweza wekeni Thonny, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Fungua menyu ya View, kisha Variables: kilo iliyotoka kwenye input huonekana '2', na alama zake za kunukuu, na iliyogeuzwa huonekana 2.0. Fumbo la zabibu hujibika hapo bila maelezo marefu.

Kosa moja la mwisho hula vipindi vizima. Darasa linajifunza kubahatisha namba, mtu anahifadhi faili lake kwa jina random.py. Tangu hapo import random italeta faili lake yeye badala ya random ya kubahatisha inayokuja na Python, na kila programu ya folda hiyo inayoitumia random itagoma, hata ya jirani iliyokuwa ikifanya kazi jana. Badilisha jina la faili.