Kwa nini chuo cha uhandisi hakijisahihishii mtihani peke yake?

Tangu tarehe 19 Juni 2025, anayetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita hana tena haja ya kuangalia saa ya kivuko pale Kigongo. Anaingia Daraja la J.P. Magufuli, anakata Ghuba ya Mwanza kwa kilomita 3, na kabla hajamaliza soda yake yuko Busisi. (Mama aliyekuwa akiwauzia sato wa kukaanga abiria waliosubiri kivuko ana hesabu yake nyingine kuhusu maendeleo haya, lakini tumwachie siku yake.) Basi limejaa, na hakuna abiria anayeuliza nani alipiga hesabu za nguzo zile, alisoma wapi, alipata alama gani.

Fundi cherehani akikosea, suruali inakubana siku hiyohiyo. Mpishi akikosea, sahani inarudi jikoni. Kosa la mhandisi lina subira: linaweza kulala ndani ya zege miaka ishirini bila kusema neno. Kwa hiyo mwajiri anayempokea kijana mwenye shahada ya uhandisi hawezi kumjua kwa kumtazama wiki mbili kazini. Anaiamini karatasi aliyokuja nayo. Nayo inaaminika kwa sababu kuna watu wa nje ya chuo kilichoitoa waliokubali kuiwekea dhamana.

Mmoja wa watu hao ni mtahini wa nje, ambaye wanafunzi wengi hawamwoni hata mara moja. Huyu ni mwalimu mwandamizi wa chuo kingine, mara nyingi wa nchi nyingine. Akifika anawekewa mezani maswali ya mtihani, mwongozo wa usahihishaji na mabunda ya karatasi zilizokwisha kusahihishwa. Anachambua za waliong'ara, za wa katikati, na hasa za mpakani: aliyevuka kwa alama moja na aliyekosa kwa alama moja. Anapitia miradi ya mwaka wa mwisho. Kisha anaandika ripoti, na akiandika kwamba maswali ya mwendo wa maji yamerudiwa miaka mitatu mfululizo, mkuu wa idara atajieleza.

Hebu fikiria maana yake. Makamu mkuu wa chuo anamwita mgeni aje aone madoa ya nyumba yake, anamlipia nauli na malazi, na mwaka unaofuata anamruhusu mwalimu wake mwenyewe aende kumfanyia jirani vilevile. Bila maelewano ya wakuu wenyewe, jambo hili lingekufa kwa aibu tu.

Kanda yetu ilianza mapema. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake, na kozi zilizohitaji fedha nyingi zikagawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kijana wa Mwanza aliyetaka uhandisi aliweza kupanda MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961, akavuka hadi Kisumu, kisha akaendelea kwa treni. Mgawanyo ulikuwa wa busara kwa nchi zenye mifuko myembamba, ila kila nchi ilitaka wahandisi wake, na iliwataka upesi. Mwaka 1970 chuo kiligawanyika vipande vitatu. Makerere ikaanza uhandisi mwaka huohuo, Dar es Salaam ikafungua kitivo chake mwaka 1973.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni iliyofuata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Katikati ya ugomvi ule, mwaka 1980, vyuo vya nchi tatu vilikubaliana kuendelea kushirikiana chini ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Kampala. Wanasiasa walikuwa hawapitishi hata lori, lakini wasomi walikuwa wanatafuta njia ya kuendelea kusomeana mitihani.

Baraza hilo bado lipo, na kazi yake kubwa sasa ni kuoanisha: mhitimu wa kozi fulani anatakiwa aweze kufanya nini, iwe amesoma Kampala, Maseno au Mwanza. Bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini mwaka 2012 makubaliano ya kutambua wahandisi wa kila upande. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakatangaza kanda nzima kuwa eneo moja la elimu ya juu. Duniani mambo ni hayohayo kwa upana zaidi: mwaka 1989 nchi sita zilisaini Mkataba wa Washington wa kutambuana shahada za uhandisi, na mwaka 2008 maamidi wa uhandisi wa mataifa mbalimbali wakaunda baraza lao mjini Paris.

Lakini karatasi hazivunji zege. Mwanafunzi wa ujenzi huijua zege anapomwaga kyubu za sentimita 15 kila upande, akaziloweka, akazibana kwenye mashine siku ya 7 na siku ya 28 hadi zipasuke, akaandika zilipasukia kwenye nguvu gani. Mashine hiyo ni ghali, inahitaji fundi na urekebishaji wa vipimo. Chuo chenye wanafunzi wachache kikinunua kila kitu peke yake, mashine zitalala chini ya turubai. Ndipo wakuu wa vyuo wanapotakiwa kujibu swali la kinyumbani kabisa: nani anacho, nani hana, na nani anaweza kumwazimisha mwenzake.

Mwanza swali hilo linabisha hodi. Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino chenye uhandisi wa ujenzi na wa umeme. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi jijini, inayojulikana zaidi kwa teknolojia ya ngozi. Ng'ambo ya ziwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga tawi Bukoba kwa fedha za mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 wa mwaka 2021, ambao pia unavitaka vyuo vikae na wenye viwanda wakati wa kupitia mitaala.

Nisiwapake mafuta wakuu hawa. Vyuo vinagombania wanafunzi haohao na ada zilezile, na hati nyingi za makubaliano huishia kwenye picha ya watu wenye suti wakipeana mikono. Kipimo changu ni kidogo: baada ya picha, kuna mwanafunzi aliyefaidika?

Chukua fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Kijana anayesoma Dar es Salaam amepata nafasi kwenye ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, yuko Fela wilayani Misungwi. Mwalimu wake anatakiwa asafiri zaidi ya kilomita 1,100 kuja kumkagua kwa saa moja, ilhali Malimbe kuna mhandisi anayefundisha somo lilelile, umbali wa daladala mbili. Wakuu wawili wakikubaliana kwa simu, huyo wa Malimbe angekwenda asubuhi akarudi kula chakula cha mchana kwake.

Kwa sasa daftari la fildi lina nafasi ya saini mbili, ya msimamizi wa kazi na ya mwalimu. Ya kwanza imeshapatikana. Ya pili iko ndani ya basi, mahali fulani kati ya Dodoma na Shinyanga.