Opera ya Kizalendo na Muziki wa Gwaride: Dhana Potofu na Ukweli

Bendi ya jeshi inapoongoza vikosi kupita mbele ya mgeni rasmi katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, kwanza kwa mwendo wa pole na kisha kwa mwendo wa haraka, ni rahisi mtazamaji kuamini kwamba muziki wote wa aina hiyo ulizaliwa kambini.

Dhana potofu: Muziki wa gwaride hutungwa na wanajeshi kwa ajili ya wanajeshi.

Ukweli: Bendi za jeshi za Uingereza, ambazo utaratibu wake ulifika kwetu wakati wa ukoloni, zimechota katika opera, yaani tamthilia inayoimbwa, kwa muda mrefu. Kikosi cha Grenadier Guards hutembea mwendo wa pole kwa machi (muziki wa kutembelea gwaridini) iliyomo katika Scipione, opera ya mtunzi Handel ya mwaka 1726. Coldstream Guards nao hupigiwa wimbo kutoka Le nozze di Figaro ya Mozart, ya mwaka 1786, ambamo Figaro anamdhihaki kijana Cherubino kwa kupelekwa jeshini. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko yote, kwa kuwa maneno yanakebehi maisha ya askari, ilhali mdundo wake unaufaa mguu wa askari kikamilifu. Hata Wimbo wetu wa Taifa, ambao bendi huupiga vikosi vikiwa vimesimama wima, ulianza kama wimbo wa dini uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini.

Dhana potofu: Opera ya kizalendo huamsha taifa usiku uleule inapoonyeshwa.

Ukweli: Jambo hilo limewahi kutokea Brussels, tarehe 25 Agosti 1830, ambapo onyesho la La muette de Portici ya Auber lilifuatwa na ghasia zilizofungua mapinduzi ya Ubelgiji. Nabucco ya Verdi, iliyoonyeshwa Milan mwaka 1842, ndiyo hutajwa zaidi, kwa madai kwamba hadhira ilitaka kwaya yake «Va, pensiero» irudiwe, lakini mtafiti Roger Parker alionyesha kwamba kwaya iliyorudiwa kwa matakwa ya hadhira haikuwa «Va, pensiero», bali «Immenso Jehova». Heshima ya kizalendo ya «Va, pensiero» ilikua baadaye.

Dhana potofu: Opera hutoa, jeshi hupokea.

Ukweli: Ngoma kubwa, matoazi na pembetatu ya chuma ziliingia katika opera za Ulaya kwa kuiga bendi za askari wa Dola ya Uturuki, na Mozart alizitumia mwaka 1782 katika Die Entführung aus dem Serail. Smetana naye aliifungua Libuše, iliyoonyeshwa Prague mwaka 1881, kwa tarumbeta za kishujaa, na tarumbeta hizo hupigwa hadi leo Rais wa Czech anapowasili katika hafla za kitaifa.