Haki za kiraia na haki za binadamu: hoja ya Malcolm X

Haki za kiraia ni zile unazoidai serikali yako kwa sababu wewe ni raia wake: kupiga kura, kusoma shule ya umma, kukaa kiti chochote ndani ya basi. Haki za binadamu unazo kwa kuzaliwa tu, uwe na uraia au usiwe nao. Kwenye karatasi hupishana kidogo. Kwa Malcolm X, mwanaharakati mweusi wa Marekani, kilichokuwa na uzito ni swali la nani atasikiliza kesi.

Ibara ya 2(7) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inauzuia umoja huo kuingilia mambo ya ndani ya nchi. Maadamu weusi wa Marekani walisema wanadai haki za kiraia, basi ni ugomvi wao na Washington, na wengine wakae kando. Wakisema haki zao za ubinadamu zimevunjwa, nchi nyingine zinapata mlango wa kuingilia. Malcolm alikuwa akisema kwamba mtu hapeleki kesi yake kwa mhalifu; humburuta mhalifu mahakamani.

Wazo lenyewe lilikuwapo kabla yake. Msomi mweusi W.E.B. Du Bois na NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa mwaka 1947, hayakufika mbali. Ila mwaka 1947 nchi huru za Afrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kufikia 1964 zilishakuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na kura yake Umoja wa Mataifa.

Ndiyo maana Julai 1964 Malcolm alikwenda Cairo, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akawagawia waraka. Aliwabana hivi: kama ubaguzi wa Afrika Kusini si jambo la ndani, wa Marekani unakuwaje wa ndani? Viongozi walipitisha azimio la upole, wakaisifu sheria ya haki za kiraia ya Marekani iliyotiwa saini wiki chache nyuma na kusikitikia ubaguzi uliobaki. Kwa maoni yangu waliogopa kuwaudhi wafadhili, maana misaada ilikuwa inahitajika.

Hakukata tamaa. Oktoba alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Nyerere. Desemba, Abdulrahman Babu, Mzanzibari aliyekuwa waziri Tanzania, alihutubia pamoja naye katika ukumbi wa Audubon, New York. Mwezi huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa likijadili operesheni ya kijeshi ya Wabelgiji na Wamarekani kule Stanleyville, Kisangani ya leo nchini Kongo, na baadhi ya wajumbe wa Afrika wakaitupia Marekani usoni swali la Mississippi, jimbo lake ambako weusi walikuwa wakionewa na kuuawa. Tarehe 21 Februari 1965 Malcolm alipigwa risasi akiwa jukwaani, Audubon hapohapo, kesi ikiwa haijafunguliwa.

Juni 2020, baada ya polisi wa Marekani kumuua George Floyd, mtu mweusi, Burkina Faso kwa niaba ya nchi 54 za Afrika iliomba mjadala wa dharura katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, Geneva. Rasimu ya kwanza ilitaka tume ya kuichunguza Marekani. Azimio lililopita tarehe 19 Juni lilimtaja Floyd, lakini tume ilikuwa imeondolewa. Mwaka uliofuata baraza likaunda jopo la wataalamu watatu kuangalia ubaguzi wa polisi dhidi ya watu weusi duniani kote, na mwaka 2023 jopo hilo likafanya ziara rasmi Marekani.